UZI: Harufu mbaya na nzuri kwenye viwanja vya gofu. Pua zenu zimekutana na nini?

MvukaHorohoro (Tanga)

Wakuu, habari za wikiendi.

Leo tuache kidogo bei za fimbo na nani kashinda wapi. Kuna jambo ambalo kila anayecheza gofu analijua ila kwenye kadi ya matokeo halina nafasi: harufu.

Mimi nipo Chumbageni, na gofu yangu kubwa naifuata ng'ambo. Navuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya, nalala Diani au nasogea mpaka Mombasa, nacheza, narudi nyumbani. Viwanja vingine siwezi tena kukueleza shimo la nne linapinda kulia au kushoto, ila harufu yake naikumbuka vizuri. Pale Mombasa Golf Club, klabu ya tangu 1911, mashimo tisa juu ya mwamba karibu na mlango wa Likoni, upepo wa bahari ukivuma unavuta chumvi safi mpaka kifua kinafunguka. Sasa subiri meli ipite. Umeshapanga miguu, umeshainua fimbo, moshi wa mafuta mazito unakuingia puani. Mpira unaenda unakojua wenyewe.

Na kuna ile nyingine. Tulikuwa tunapita chini ya mibuyu, mara uvundo. Wenzangu wakaanza kukagua vichaka, mmoja anasema panya kafa, mwingine anasema ni mtaro. Hakuna panya, hakuna mtaro. Nani anajua ilikuwa nini?

Nzuri na mbaya, zote leteni.

PuaNdefu

Soksi za kedi wako, huyo anayekubebea fimbo.

MvukaHorohoro (Tanga)

@PuaNdefu nilijua utakuwa wa kwanza kuja kuharibu uzi.

BwanaShambaLushoto

Mkuu, hilo la mibuyu ni rahisi. Ni maua yake. Ua la mbuyu hufunguka jioni na kazi yake ni kuita popo, na popo haitwi kwa marashi. Harufu yake ni nzito, ina uchachu wa kitu kilichoanza kuoza. Kesho yake ua linanyauka na kudondoka, mnalikanyaga na viatu vya gofu, harufu inawafuata hadi shimo linalofuata mkidhani panya anawafuata nyinyi.

Niongeze la majani, maana ndiyo kazi yangu. Ile harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi, ambayo wachezaji wote wanaisifu na kufumba macho, ni majeraha. Jani likikatwa linaachia mafuta mepesi yanayoruka hewani mara moja. Mmea umeumia, nyinyi mnasema "aah, asubuhi njema".

Harufu ya mbolea ni hadithi nyingine. Yurea ikimwagwa juu ya majani na isinyweshewe maji haraka, sehemu yake inageuka amonia na kuruka; hapo ndipo macho yanawasha kwenye griini, pale penye majani mafupi kuzunguka shimo. Samadi ya kuku ndiyo kabisa. Na msidhani ni ushamba wetu. Huko Marekani, mji wa Milwaukee, tangu 1926 wanauza mbolea inayotokana na maji taka ya mji, wakaipa jina Milorganite, na wateja wake wa mwanzo wakubwa walikuwa viwanja vya gofu. Yaani mheshimiwa anatembea kwa soksi nyeupe juu ya kilichotoka chooni kwa watu, kimekaushwa vizuri na kutiwa mfukoni. Kazi inafanya, sikatai. Majani yanapendeza. Ila siku ikinyesha mvua ya kwanza baada ya kumwagwa, utajua tu.

DadaKaole (Bagamoyo)

Nimecheka hapo kwenye soksi nyeupe 😂

Mimi nipo Bagamoyo, gofu nacheza Dar, mara nyingi Lugalo. Hodi humu.

Nataka kuwatetea wachuuzi. Kuna kaka mmoja tulicheza naye, analalamika harufu ya samaki wa kukaanga imevuka ukuta inamtoa kwenye mchezo. Nikamwambia kaka, mimi nimekulia karibu na soko la samaki, harufu hiyo kwangu ndiyo saa: mafuta yakianza kulia kwenye karai, jua limeshainama. Kwangu harufu mbaya ni ile mafuta ya kujipaka ya kuzuia jua yakichanganyika na dawa ya mbu na jasho la glovu ya ngozi. Hiyo ndiyo haivumiliki, na inatoka kwa hao hao wanaolalamikia samaki.

Ya mwani nayo niiseme. Kule Mlingotini wanalima mwani, wanauanika. Ukiwa mbichi unanuka bahari tu. Ukinyeshewa ukiwa haujakauka, usiombe. Ila mimi ni mtu wa pwani, nasema hivyo halafu nikikaa miezi bila kuusikia naukumbuka.

MtotoWaMuheza

Mnaongelea mwani? Njooni mpite karibu na korona, kiwanda cha mkonge, siku mkonge unasindikwa halafu tuone nani anafumba macho kwa raha.

Kwa wasiojua, jani la mkonge singa zake ni sehemu ndogo tu, kama asilimia nne ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani, kinatoka kijani, kinalundikwa, kinachacha. Harufu inashika nguo. Mtu akitoka kule akipanda basi, abiria wanafungua madirisha bila kuulizana.

BibiSahare

Wewe mtoto, heshimu mkonge. Wazee wako wamesomeshwa na hiyo harufu.

Mkonge wenyewe uliletwa huku 1893 na Mjerumani, Hindorf. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika hai ni 62. Kutoka miche hiyo 62 ndiyo mashamba yote haya mliyokuta, na reli, na bandari ikajaa marobota. Nikisikia harufu ya korona mimi nasikia mshahara wa mwisho wa mwezi, kitenge kipya na nyama nyumbani. Mnakaa kwenye gofu mnaziba pua kwa kitambaa, mkonge hauwahusu.

MtotoWaMuheza

Shikamoo bibi. Sijaudharau. Nimesema unanuka. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

BibiSahare

Marahaba. Haya, endelea.

MvukaHorohoro (Tanga)

Bibi, tena mkonge na gofu vina undugu. Pale Kilifi, Vipingo Ridge, uwanja umekaa kwenye nchi ya mkonge kabisa, ukiendesha gari kwenda unaona mistari ya mkonge mpaka inapotea. Upepo ukigeuka unaletewa ile harufu ya jani lililokatwa, kali, ina uchungu fulani, lakini kwa mbali hivyo si mbaya. Wageni wanauliza ni nini. Mimi wa Tanga nakaa kimya natabasamu.

KediMstaafu

Salaam kwenu nyote. Nasoma tu humu siku zote, leo mmenigusa.

Nilibeba mifuko ya gofu ujana wangu kwenye klabu moja ya zamani hapa Pwani. Nyinyi vijana mnasema griini. Sisi hatukuwa na griini, tulikuwa na brauni. Majani mazuri yale yanataka maji mengi na fedha nyingi, kwa hiyo pale mwisho penye shimo palitandikwa mchanga, na mchanga ule ulichanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe na mvua isiuchimbe. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa hivyo. Mchezaji kabla hajasukuma mpira, sisi tunaburuta gunia kutoka mpira ulipo mpaka shimoni ili njia ilainike. Akimaliza, tunaburuta tena kufuta nyayo.

Sasa chukua jua la saa saba, mchanga mweusi umekunywa oili, wewe upo peku. Harufu inapanda kutoka chini kama gereji. Unaoga jioni kwa sabuni ya mche, bado ipo kwenye nyufa za visigino. Mama alikuwa ananijua nimerudi kabla sijabisha hodi.

Lakini niliyotaka kusema hasa si hiyo. Nataka kusema pua ni kifaa cha kazi. Mchezaji anatazama bendera ya shimo. Bendera inakwambia upepo wa pale ilipo, na wakati mwingine imelala kabisa kwa sababu imejificha nyuma ya miti. Mpira hauendi chini kwenye bendera, unapita juu. Sisi tulikuwa tunanusa.

Asubuhi umande, yaani ule upepo wa nchi kavu, unatoka bara. Unaleta moshi wa kuni, unaleta ng'ombe, unaleta matope ya mkondo wa mikoko. Jua likishapanda na nchi kavu ikapata joto, upepo unageuka, bahari inaanza kuingia. Kati ya hizo mbili kuna muda wa utulivu ambapo husikii kitu. Basi mchezaji wangu yupo anajiandaa, majani hayatikisiki, mimi nasikia chumvi imeingia kwa mbali. Namwambia, bwana, chukua fimbo kubwa zaidi. Ananitazama kama nimerukwa na akili. Anachukua ile ndogo. Mpira unapanda vizuri, unafika juu, unasimama hewani kama umeulizwa swali, unadondoka kwenye banka, lile shimo la mchanga. Wa pili wake anasikiliza, anafika. Kutoka hapo wakawa wananiuliza "leo kunanukaje?" kabla ya kuuliza mita.

Msimu nao una harufu yake. Kusi likivuma halichelewi kuleta unyevu wa bahari na majani ya bahari yaliyotupwa ufukweni. Kaskazi ni kavu, linaleta vumbi. Mkijifunza hayo mtapunguza mikwaju.

PuaNdefu

Mzee shikamoo. Naomba radhi kwa ile ya soksi.

KediMstaafu

Marahaba mwanangu. Hatukuwa na soksi.

MwamuziWaMezani

Mzee amesema jambo zuri sana na lina upande wa sheria ambao wengi hawaujui. Kanuni za gofu za sasa, namba 4.3, zinakataza kutumia kifaa kupima upepo wakati wa mchezo. Hata kurusha unga ili uone unaelekea wapi ni kosa, kwa kuwa unga ni kitu kisicho cha asili ya uwanja kinachotumika kujua upepo. Kosa la kwanza unaongezewa mikwaju miwili kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, la pili unatolewa. Lakini kung'oa nyasi kidogo na kuzirusha ni ruhusa.

Pua haijatajwa. Pua si kifaa. Mzee yupo salama kabisa.

BwanaShambaLushoto

Ila pua nayo ina udhaifu wake, mzee wangu aniwie radhi. Inazoea. Ukikaa ndani ya harufu ileile dakika chache tu unaacha kuisikia, ingawa bado ipo. Ndiyo maana wenye viatu vinavyonuka hawajui. Kwa hiyo hiyo mbinu inafanya kazi upepo unapobadilika, kama mzee alivyoeleza, lakini upepo mmoja ukivuma asubuhi nzima pua inalala.

Na kwenye matope ya mikoko kuna la kujihadhari kidogo. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndani ya tope hakuna hewa, vijidudu vilivyomo vinatumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na hiyo gesi ndiyo inabaki. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua ambapo yanaondoka mbali zaidi, tope linabaki wazi na unasikia vizuri. Nje, penye upepo, haina neno. Mahali palipofungwa kama shimo la maji taka ni habari tofauti kabisa, kwa sababu ikizidi kiwango inaua uwezo wa pua kuinusa. Mtu anadhani imeisha, kumbe imezidi. Mpira ukitumbukia kwenye shimo la maji taka la klabu, samehe. Mpira unanunuliwa.

MtotoWaMuheza

Kwa hiyo Amboni kwenye zile chemchemi za Galanos ni hiyo hiyo?

BwanaShambaLushoto

Ukoo mmoja, salfa. Pale inatoka na maji ya moto ardhini, si kwa kuoza. Watu wanaenda kuoga kwa ajili ya ngozi.

BibiSahare

Nimeoga sana. Ngozi ilikuwa laini, mume wangu akalala sebuleni.

DadaKaole (Bagamoyo)

Bibi jamani 😂😂😂

BahariaWaZamani

Mimi gofu sichezi, mgongo haukubali. Lakini nilifanya kazi melini miaka mingi na bandari moja tuliyokuwa tunatia nanga ilikuwa Scotland. Kule ndiko kwao gofu. Viwanja vyao vya asili vipo kwenye mchanga wa ufukweni, majani mafupi, upepo wa kukata masikio. Nilikuwa nikitoka kutembea napita pembeni ya kimoja.

Sasa sikilizeni. Majira ya kuchipua, vichaka vya miiba pembeni ya uwanja vinatoa maua ya njano, wenyewe wanaita gorse. Jua likivipiga vinanukia NAZI. Si mfano, ni nazi kabisa, kama mtu yupo nyuma ya kichaka anakuna. Nilisimama pale nikiwa na koti zito, pua inachuruzika kwa baridi, nikawa natafuta mbuzi iko wapi. Miezi sita nje ya nyumbani halafu unanusishwa nazi na mti wa miiba, huo ni ukatili.

PuaNdefu

Nazi bila mnazi. Wazungu hawaishiwi.

MwamuziWaMezani

@BahariaWaZamani ni kweli, nimeisoma kwa wengi. Na miiba yake ukiingiza mpira humo usiufuate.

Kwa upande wa harufu nzuri za kupangwa, Augusta National kule Marekani wanapochezea mashindano ya Masters, eneo lile kabla ya gofu lilikuwa kitalu cha miche ya maua na matunda. Kila shimo limepewa jina la mmea. La kwanza ni Tea Olive, kichaka chenye maua madogo sana lakini harufu yake inafika mbali, kuna ladha ya aprikoti, tunda dogo la Kizungu, ndani yake. La nane ni Yellow Jasmine, la kumi Camellia, la kumi na tatu Azalea. Ila Azalea mnazoziona kwenye televisheni zimewaka rangi hivyo, nyingi hazina harufu ya maana.

BibiSahare

Rangi bila harufu ya nini sasa? Wangekuja kuchukua asumini hapa Ngamiani. Na mlangilangi. Ukipanda mlangilangi mmoja pale penye kuanzia, jioni hakuna atakayetaka kuondoka.

MvukaHorohoro (Tanga)

Bibi umenipa wazo. Tuchore uwanja wetu wa kufikirika hapa Tanga kwa harufu tu. Tunaanzia Raskazone, bahari na mvinje. Mlangilangi wa bibi penye kuanzia. Halafu?

MtotoWaMuheza

Shimo refu kuliko yote lipite Muheza msimu wa machungwa. Barabarani magunia yamepangwa, mengine yamepasuka, maganda juani. Hapo mtu apewe mikwaju sita, maana atasimama kula.

PuaNdefu

Banka zote ziwe Deep Sea pale samaki wanaposhushwa. Ukiingia utajitahidi kutoka kwa mkwaju mmoja.

DadaKaole (Bagamoyo)

Wekeni mikorosho pembeni ya njia. Maua yake yakifunguka hewa yote inakuwa tamu. Mtasahau kwamba miezi michache baadaye mabibo yanadondoka, yanachacha juani, na nyuki na nzi wanakuja kunywa. Mti ule ule. Mchezaji wa mwezi wa nane na wa mwezi wa kumi na moja watabishana mpaka kesho.

KediMstaafu

Shimo la tisa pawe na mama wa vitumbua. Klabu yoyote isiyokuwa na mama wa vitumbua ukutani, makedi wake wana hasira. Iliki inasikika kutoka shimo la saba, mchezaji anaanza kuharakisha bila kujua kwa nini.

MvukaHorohoro (Tanga)

Na korona?

BibiSahare

Korona iwe shimo la mwisho. Washindi wapitie hapo kwenda kuchukua kombe, wajue fedha ya mji huu ilitoka wapi.

BwanaShambaLushoto

Nikubali kushindwa na bibi.

Mmesahau moja tu, mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu. Watafiti wa Australia waliieleza mwaka 1964: wakati wa ukame mimea inaachia mafuta yanayonywewa na mawe na udongo, mvua ikija yanatoka. Ndani yake kuna na kitu kinaitwa jeosmini, kinatengenezwa na vijidudu vya udongo, na pua ya binadamu inakinasa hata kikiwa chembe chache tu ndani ya trilioni. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani wakapiga picha za kasi wakaona tone linavyofanya: likigonga udongo linafungia viputo vya hewa chini yake, vinapanda na kupasuka, vinarusha harufu juu. Manyunyu yanafanya hivyo vizuri kuliko mvua kubwa. Jeosmini hiyo hiyo ikizidi kwenye bwawa la uwanja lililojaa ukijani, mnasema maji yananuka tope.

Kwa mchezaji maana yake ni hii: ukiisikia ikija na upepo na juu yako bado kuna jua, mvua ipo jirani na inakuja. Kama kuna radi, fimbo za chuma weka chini, toka uwanjani, usikae chini ya mti.

DadaKaole (Bagamoyo)

Hapo sawa. Mimi swali langu dogo la mwisho: glovu. Yangu imekuwa na harufu ya mnyama. Nifanyeje?

KediMstaafu

Usiianike juani, ngozi itakakamaa. Usiikunje ukaitia mfukoni ikiwa na jasho. Itundike kivulini nje ya begi, kila shimo ukienda kusukuma mpira ivue ipate hewa. Na uwe na mbili, unabadilishana. Ikishanuka kama ulivyosema, binti yangu, hiyo imekwenda. Mpe mtoto aogopeshee kuku.

MvukaHorohoro (Tanga)

Wakuu, Jumamosi navuka. Gari lina nafasi ya watu wawili, tunagawana mafuta. Pasi ya kusafiria kila mtu na yake, sitaki mazungumzo marefu pale Horohoro. Mzee KediMstaafu, una mgeni wa kwenda kumwona Mombasa? Nataka pua yako, malipo ni chakula.

KediMstaafu

Nina mpwa wangu Likoni. Chakula gani?

MvukaHorohoro (Tanga)

Biriani.

KediMstaafu

Ya kuku au ya mbuzi?

MvukaHorohoro (Tanga)

Mbuzi, mzee.

KediMstaafu

Nipitie saa kumi za usiku. Tucheze mapema, umande ukiwa bado unatoka bara. Na huyo PuaNdefu abaki nyumbani.